Uchumi Mezani pa Kupigia Pasi

Mke wangu alizikwa Jumanne, na Jumatano chuo kikafanya mtihani. Binti yetu aliomba apewe siku mbili tatu. Ofisi ya mitihani ikamwambia alete kwanza cheti cha kifo; hospitali nayo ikasema cheti hakitoki mpaka mganga mkuu arudi safari. Mkubwa akisafiri, hata maiti anapanga foleni. Basi mtoto akaandikiwa sifuri katika somo la utangulizi wa uchumi, lile la bei na wanunuzi. Akianguka tena kwenye marudio, anafukuzwa. Ndiyo sheria, walisema. Walioitunga hawajawahi kutoka makaburini na udongo kwenye viatu.

Mimi ni dobi. Shule niliiacha mapema, na marehemu hakunipita, lakini yeye ndiye aliyekuwa anasomewa. Jioni yeye anapiga pasi, mtoto amekaa juu ya furushi la mashuka anamweleza alichofundishwa, kwa Kiswahili cha nyumbani. Mama mtu haelewi kitu, anasukuma pasi tu. Alipofariki, mtoto akaendelea vilevile, na pasi nikaishika mimi.

Watu waliuliza kama nimepoa. Sikuwa nimepoa wala sikuwa na moto. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Mashati yalipita chini ya mkono wangu yakanyooka, na maneno ya mtoto nayo yalipita.

Marudio yalikuwa Jumatatu. Jumamosi mchana akarudi kutoka kujisomea na wenzake, akatupa mkoba, akasema haendi. Wenzake walikuwa wamemsahihisha mpaka akaona haya. Wiki zote hizo amekuwa akinieleza kwamba bei ikipanda, mstari wa mahitaji unahama wote. Kumbe hauhami. Mnunuzi ndiye anayetembea juu ya mstari uleule. Mstari wenyewe huhama kwa mambo mengine, kama mshahara ukipungua.

Nikamuuliza ningejuaje, mimi na mistari yenu wapi na wapi.

"Mama naye hakujua," akasema. "Lakini nikibabaisha tu, pasi ilikuwa inasimama. Ndivyo nilivyojua pa kurudia. Ya kwako haijasimama hata mara moja, baba. Nikadhani niko sawa."

Nikaanza kuwasema wale wa ofisi ya mitihani, na mganga wao mkuu, na aliyempa safari. Akanikata.

"Ofisi ya mitihani haikukaa hapa jioni."

Bado nasema ni wao. Lakini pasi niliichomoa kwenye umeme, nikavuta kigoda, nikamwambia aanze mwanzo.

Hapo hapo akaingia mteja wetu, karani wa benki, kufuata shati lake. Akatukuta tumekaa uso kwa uso, akauliza dobi ameanza chuo lini. Nikamjibu kwamba shati litangoja, kama yeye anavyotungojesha pale dirishani kwake. Akacheka kwa shingo upande, akaondoka.

Mtoto akaendelea. Kwenye bei alitiririka. Alipofika kwenye bidhaa ambayo mtu huichukua akiikosa nyingine, akaongeza mwendo kidogo, kama mtu anayepita mlangoni kwa jirani aliyemkosea.

"Rudia hapo."

"Kwani umejuaje?"

"Umekimbia."

Akafungua kitabu. Alikuwa amekosea kweli. Tukaenda hivyo mpaka jua likazama. Mara nyingine nilimsimamisha bure, akanitolea macho, akarudia hivyo hivyo. Habari ya kutokwenda Jumatatu hakuitaja tena.

Jumatatu akaenda. Majibu yalipobandikwa, alikuwa amefaulu kwa kuponea chupuchupu. Nikampa hongera. Niliitamka vizuri, kama inavyotamkwa, lakini ndani hapakusogea kitu. Nikaendelea kukunja mashuka. Sijui kama aliona. Alinishikia ncha mbili za shuka, tukalinyoosha pamoja.

Akaniambia muhula ujao kuna uchumi mwingine. Si wa mnunuzi mmoja mmoja tena, ni wa nchi nzima: kodi, serikali, na wanaoamua.

"Huo usinisomee mbio mbio," nikamwambia. "Hao ndio ninaowangoja."