Ulimi Kwenye Sinia

Chuoni walimwita Daktari wa Mchanga, ingawa udaktari wenyewe alikuwa bado hajaupata. Kwa miaka mitatu alikuwa akimimina sharubati nzito, nyekundu, katikati ya sinia pana lililojaa mchanga, na kuitazama ikijipenyeza kati ya chembe. Mama yake alishachoka kuwaeleza majirani kazi ya bintiye. "Anapika," alikuwa akisema, yakaisha.

Hoja yake ilikuwa rahisi kuisema, ngumu kuithibitisha: kimiminika kizito kikitambaa ndani ya mchanga, uzito wake wenyewe hukituliza. Ukingo ukichomoza mahali, sehemu nyingine huufikia, na doa hurudi kuwa duara. Profesa aliyemsimamia hakushawishika.

"Saa tisa nakuja," alisema. "Nataka duara, siyo maneno."

Saa sita doa lilikuwa na ulimi, mrefu kama kiganja, umeelekea dirishani. Akasafisha sinia, akajaza mchanga mpya, akamimina tena. Ulimi uleule, upande uleule.

Hapo ndipo mjomba wake, fundi wa vigae, alipoingia kumletea funguo za nyumba alizosahau asubuhi.

"Shikamoo, mjomba. Nadharia yangu imekufa."

"Marahaba, mama. Imekufa saa ngapi?"

Akacheka bila kupenda, kisha akamweleza yote. Mjomba hakuuliza lolote kuhusu nadharia. Alipiga magoti, akafumba jicho moja, akaichungulia meza kama anayekagua sakafu ya mteja msumbufu. Akachomoa mfukoni pima maji, kile kipimo chenye kiputo cha hewa, akaiweka kwenye ukingo wa sinia. Kiputo kikatimka kuelekea mlangoni.

"Meza imelalia dirishani. Mimi kwa kazi hii ningefukuzwa."

"Lakini niliipima!"

"Lini?"

"Mwaka juzi," akajibu kwa sauti ndogo.

Wakakunja maboksi, wakayachomeka chini ya miguu miwili ya meza mpaka kiputo kikakaa katikati. Mjomba akashika sinia ili wamwage.

"Acha!" Daktari wa Mchanga alishtushwa na sauti yake mwenyewe. Kama alichokisema miaka yote ni kweli, duara lingeumeza ulimi huo bila kusaidiwa. Na kama si kweli, heri ajue leo. Akafungua bomba dogo lililoning'inia juu ya sinia, sharubati ikaanza kudondoka upya.

Profesa akafika, akasimuliwa kisa, akavuta stuli. Mjomba alikataa kuondoka. Kwa nusu saa hakuna aliyeona badiliko lolote. Kisha mabega ya doa yakaanza kujaa, taratibu, kulia na kushoto, huku ncha ya ulimi ikisogea kwa uvivu.

"Unamezwa," mjomba akanong'ona. "Kweli unamezwa!"

Kufika saa kumi na moja kilibaki kichomozo kidogo tu. Profesa akapima kwa rula kutoka katikati hadi ukingoni, pande nane, akarudia tena pande zote nane.

"Tofauti kubwa kabisa ni milimita mbili," akasema, akavua miwani. "Kaandike sura ya mwisho."

Mjomba akampigapiga mpwa wake begani, kisha akaanza kukusanya maboksi yaliyobaki.

"Fundi," Profesa akamwita, "Jumatatu unaweza kuja kutuangalizia meza nyingine?"

"Jumatatu nina bafu la mtu. Jumanne."