Baga Isiyo na Nundu

Abiba aliangaza kushoto na kulia kama mwizi, ingawa jiko lilikuwa lake mwenyewe. Bintiye Farhiya alikuwa ametoka kwenda uani kuosha karoti. Upesi akafunua kopo lililofichwa nyuma ya gunia la mchele, akachota kijiko kikubwa cha mafuta ya nundu ya ngamia, akayatumbukiza katika bakuli la nyama ya kusaga na kuyakanda mpaka yakapotea. Binti aliporudi, alimkuta mama ameshika ufagio, uso umetulia tuli.

Uhalifu huo ulikuwa na historia yake. Dadacha, mumewe, aliuza ngamia tangu ujana, na kwa miaka yote hiyo aliamini kwamba chakula ni nyama na maziwa, vingine ni porojo. Kisha wateja wakampeleka kwenye mkahawa mmoja mjini Isiolo, akaletewa baga. Mzee akaila, akalamba vidole, akaagiza nyingine. Tangu hapo Ijumaa haikuwa Ijumaa bila ule mkate uliopakwa siagi, nyama inayochuruzika mafuta na mchuzi mweupe ukimtiririka ndevuni. Mpaka siku alipoanguka mnadani, katikati ya ngamia na madalali. Daktari alimwambia bila kupepesa macho kwamba presha yake ilikuwa imefika pabaya, na kwamba akiendelea na mafuta na chumvi hiyo, safari ijayo hataamka.

Dadacha hakubisha. Alinuna tu, na kununa kwake kulizidi kelele. Alikaa barazani kwao, mtaa wa Kiwanjani, akiitazama sahani ya sukuma wiki kana kwamba imemtukana.

Farhiya, aliyekuwa mwalimu, hakuweza kuvumilia kumwona baba yake akinyong'onyea. "Baba anataka baga, atakula baga," alisema. "Lakini nitaitengeneza mimi." Akachagua mnofu wa ngamia usio na mafuta, akausaga pamoja na dengu zilizochemshwa, karoti na kitunguu. Chumvi akaipa likizo, akaweka tangawizi na pilipili manga. Mikate aliioka kwa unga usiokobolewa. Badala ya ule mchuzi mweupe wa mkahawani, alichuja susa, maziwa ya ngamia yaliyochachuka, kwa kitambaa safi hadi yakawa mazito, akayatia ndimu na kitunguu saumu.

Kila kitu kilikuwa sawa, ila moyo wa Abiba. Kwao Kulamawe, mgeni wa heshima hupewa nundu. Kumwekea mtu nyama kavu, isiyo na mafuta, ni kumwambia ajikusanye aende zake. Sasa yeye amlishe nyama kavu mwanamume aliyempenda tangu meno yote yakiwa kinywani? Hapana. Ndipo lile kopo likapata kazi.

Dadacha alifurahi kupita kiasi. "Hii inashinda ya mkahawa!" alitangaza, na kicheko kikarudi nyumbani. Farhiya alijisifu shuleni kwake, Abiba akatabasamu kimyakimya, na Ijumaa zikapita zikiwa na raha yake.

Kisha Farhiya akampeleka baba yake kupimwa. Waliporudi, mzee aliingia chumbani kujinyoosha, na binti akaja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akalia.

"Presha imepanda, aayo," alimwambia mama yake. "Imepita ile ya kwanza. Mimi ndio namuua baba na hizi baga zangu. Sipiki tena."

Abiba alijaribu kunyamaza, akashindwa. Machozi ya mwanawe yalimchoma kuliko makaa. Alilitoa kopo nyuma ya gunia, akaliweka mapajani mwa binti.

"Si wewe. Ni mimi."

Farhiya alifunua, akanusa, akainua macho. "Umekuwa ukiweka kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa."

"Hata ile ya kwanza?"

"Ya kwanza ndiyo niliweka mengi."

Binti alikunja uso tayari kwa hasira, lakini kicheko kikamponyoka. "Na mimi nimejisifu kwa walimu wote, aayo!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Abiba akalitazama lile kopo.

"Nisipomwekea mafuta," aliuliza, "atajuaje kama namheshimu?"

"Sijui," Farhiya alijibu polepole. "Lakini mimi nataka awe hapa."

Ijumaa iliyofuata Dadacha, bila kutoa taarifa, alikuja na wageni: Abdub, dalali mwenzake wa ngamia, na Ekai, jirani yao Mturkana aliyestaafu udereva. Abiba alichungulia sebuleni kutoka jikoni. Wageni tena, wanaostahili nundu! Alimkabidhi binti kopo. "Lishike, na usinipe hata nikilia."

Alisimama mbele ya nyama, mikono mitupu. Ndipo alipokumbuka vijiti vya ejersa, mti wanaofukizia vibuyu ili maziwa yapate harufu nzuri. Alivitupia juu ya makaa, akaipanga nyama kwenye wavu na kuifunika kwa sufuria, moshi ukaizunguka mpaka jiko likanukia kama boma wakati wa kukama.

Wanaume walikula. Abdub alimaliza yake kabla ya wenzake, akalamba vidole.

"Mama Farhiya," Ekai aliita, "hii nyama umeipitisha wapi? Inanukia maziwa. Mimi niongezewe!"

Dadacha pekee alitafuna polepole. Mchuuzi wa ngamia hadanganyiki kuhusu nundu. Aligeukia mlango wa jikoni.

"Mama Farhiya, leo umenipunguzia kitu."

Abiba alitoka, akasimama mbele yao akijifuta mikono kwa leso. Katika ndoa yao hakuwahi kumjibu mumewe mbele ya wageni.

"Nimekupunguzia," alisema. "Na sitakirudisha. Nakutaka, Baba Farhiya. Nataka kuzeeka na wewe."

Abdub aliangalia dari. Ekai aligundua ghafla kwamba kandambili zake zina jambo la kutazamwa. Dadacha alibaki na baga mkononi, macho yakimlowa, kisha akaikata vipande viwili na kumnyooshea mkewe kimoja.

Wanawake wa nyumba hiyo hula baadaye, jikoni, wageni wakishashiba. Abiba alikitazama kile kipande, akamtazama aliyekishika.

"Kaa," Dadacha alisema.

Abdub akasogea, mkeka ukapata nafasi. Abiba akakaa, akauma. Susa ilimtiririka kidevuni na hakuifuta. Alitafuna, wote wakimsubiri, mpaka akameza.

"Farhiya!" aliita. "Leta zingine, na uje ukae."