Mstari Mmoja wa Wino

Baba alipostaafu ukapteni katika jeshi la majini na kuamua kugombea ubunge, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika kipeperushi chake. Nilifurahi, maana sasa nilikuwa na ruhusa ya kupekua madaftari yake, na kwa kupekua mimi sijambo.

Yalikuwa madaftari yake binafsi, lakini aliyaandika kwa utaratibu wa melini: saa, upepo, kina cha maji, lililotokea. Ukurasa mmoja ukanishika. "Meli imekwama mchangani. Kosa la ofisa wa zamu." Sentensi ya pili ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja mwembamba, nayo bado ilisomeka vizuri kabisa. Juu yake aliandika "Kosa langu" na kutia saini.

Kama aliona aibu, mbona hakuifuta kabisa? Na kosa lenyewe lilikuwa lipi? Nilikosa raha kwa kutaka kujua.

Mjomba, aliyesimamia kampeni, hakutaka hata kulisikia. "Funga hilo daftari, mpwa wangu. Andika miaka thelathini baharini bila kosa hata moja."

Nikaandika. Tukachapa vipeperushi elfu mbili bila kumwonyesha mwenyewe.

Baba alikisoma kimoja sebuleni amesimama, kisha akaketi polepole.

"Nani kaandika hiki?"

"Mimi, baba."

"Melini hatufuti, mwanangu. Kosa linapigwa mstari mmoja, ili anayekuja nyuma alione. Halafu aliyekosea anatia saini."

"Basi nitakuletea utie."

"Nimesema aliyekosea," akajibu, akanipa kalamu.

Mjomba alishika kichwa. "Shemeji, hicho kiti unakitupa mwenyewe."

Siku tatu nilikata maneno "bila kosa hata moja" kwa mstari, nikaandika juu yake "Aliwahi kukwamisha meli", nikatia saini hadi vidole vikafa ganzi. Niliogopa kweli. Baba akishindwa, mwandiko uliomwangusha utakuwa wangu.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa shule. Baba alihutubia kama anayesoma orodha ya vipuri, watu wakapiga miayo, wakageukia vipeperushi. Hapo minong'ono ikaanza. Kila mtu alitaka kusoma kilichopigwa mstari.

Fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, akasimama. "Hii saini ni ya nani?"

Nikainuka. "Ni yangu. Mimi ndiye niliyeandika uongo."

"Haya, kaa," akasema yule mama. Akamgeukia baba. "Na hiyo meli, Kapteni, ilikwamaje? Mliitoaje?"

Baba akaiweka hotuba mezani. Akaeleza kwamba alitaka kuwahi, akakata njia ya mkato, na ofisa wa zamu alimwonya mara mbili akapuuzwa. Akaeleza walivyomwaga maji ya kunywa ili meli iwe nyepesi, wakangoja bahari ijae, na jinsi alivyomwomba radhi yule ofisa mbele ya mabaharia wote. Nami nilikuwa naisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyeondoka ukumbini.

Alishinda kwa tofauti ya kura tisini na nne.

Siku ya kiapo alinifanya katibu wake, akanikabidhi daftari jipya. Ukurasa wa kwanza tu, nikakosea tarehe.

"Chana huo, anza upya," Mjomba akanong'ona. "Nani ataona?"

Nikapiga mstari mmoja, nikatia saini.