Bolti Nne Nyuma ya Mashine

“Hajazaliwa mtu wa kutengeneza mashine ikanitisha mimi,” alisema Injinia, akiipigapiga ile mpya begani kama kocha anayempongeza mchezaji. “Mimi ndiye ninayezitisha.”

Injinia hakuwa injinia. Jina alilipata siku redio ya babu yake ilipokata sauti, naye akakaza skrubu moja kwa nyuma, ikaanza kuongea. Tangu hapo aliamini dunia nzima inaumwa ugonjwa mmoja tu: skrubu kulegea. Feni ikipiga kelele, anakaza. Kiti kikiyumba, anakaza. Mlango wa jikoni aliukaza mpaka ukawa haufunguki bila mtu kuupiga bega.

Alikuwa akiishi kwa shangazi yake, pamoja na Babu, tangu amalize shule. Shangazi alifua mashuka ya zahanati iliyokuwa mtaa wa pili, kwa mikono, miaka kumi na mmoja, mpaka vidole vikawa vinagoma kukunja ngumi asubuhi. Mwaka huu akasema basi, ananunua mashine ya kufulia. Hapo ndipo mabishano yalipoanza, maana dukani walizikuta mbili: moja ya mfuniko wa juu, nyingine ya mlango wa mbele.

“Mimi nataka hii ya mfuniko,” Shangazi alisema palepale. “Nasimama wima, natumbukiza, nafunika. Magoti yangu haya hayataki habari za kuchuchumaa. Na nikisahau soksi, nafunua naitupia.”

“Shangazi jamani! Hiyo inakunywa maji kama gari la zimamoto. Ya mbele inatumia nusu yake, inakamua mpaka shuka linatoka karibu kavu, na mlango ukishajifunga haufunguki mpaka kazi iishe. Huo ndio usalama.”

“Na nikitaka kufungua katikati?”

“Ufungue ufuate nini humo?”

Shangazi akachukua ya mbele. Lakini moyo haukumtulia, na muuzaji alipoiona sura yake akampa siku saba: isipomfaa, airudishe apewe ile ya juu. Ndiyo maana asubuhi hiyo, akienda zahanati kufuata mashuka, aliacha amri moja mlangoni.

“Usiiguse. Nakuja na fundi wa duka saa sita, aifunge yeye. Nikishaiona inavyofua ndipo nitaamua. Umesikia, mwanangu?”

“Nimesikia.”

Kusikia alisikia. Ila aliwaza hivi: fundi akikuta mashine imeshafua, na nguo zinanukia, nani tena atataja mambo ya mfuniko?

Saa nne akaingia kazini. Akaunga mpira wa maji kwenye bomba la bafuni. Bafu halikuwa na soketi, kwa hiyo akavuta ekstensheni kutoka ukumbini, akaipitisha chini ya mlango. Kisha akachungulia nyuma ya mashine, akaona bolti nne kubwa, na kando yake karatasi nyekundu iliyobandikwa, yenye maandishi mengi na picha ya mkono. Karatasi hakuisoma. Bolti alizijaribu kwa vidole. Moja ilicheza kidogo.

“Ona uzembe huu,” akasema, akachukua spana. Akazikaza zote nne mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Halafu akalinyanyua tenga la nguo chafu, akalimimina lote ndani kwa mkupuo mmoja, akasukuma mlango, akazungusha swichi. Mlango ukajifunga: *tak*. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Maji yakaingia. Injinia akakunja mikono kifuani.

Ikazunguka mara tatu, vizuri kabisa. Ya nne ikasema *du*.

Akainama kwenye kioo. Povu, shuka, povu. Halafu kitu cha kijivu kikaja mbio, kikajibandika kwenye kioo, kikaonyesha ncha kama ya sikio, kikatokomea. *Du*.

Injinia akageuka taratibu, akaliangalia tenga. Lilikuwa tupu. Chini kabisa, kwenye ufito, yalikuwa yamenasa manyoya ya kijivu.

Mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa paka wa Babu. Aliitwa hivyo kwa sababu hakikuwepo kiti ndani ya nyumba ambacho hakukikalia, na akishakaa hakuna wa kumwinua. Asubuhi zote alilala ndani ya lile tenga. Lakini hayo siyo yaliyomkausha mate Injinia. Yule paka aliachwa na Bibi. Bibi alipofariki, Babu alikaa mwezi mzima bila kusema na mtu, isipokuwa na yule paka.

Akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Mashine ikanyamaza. Akavuta mlango, haukutikisika. Akaweka mguu mmoja ukutani, akavuta kwa mikono miwili, wapi! Nyuma ya kioo maji yalikuwa yamesimama nusu, meupe kwa povu, na ndani yake hakuna kilichokuwa kikicheza. Ile taa nyekundu ikamwangalia tu. *Ufungue ufuate nini humo?* Alijisikia mwenyewe akiuliza, kwa sauti ile ya madaha. Ingekuwa ya mfuniko wa juu, saa hizi angeshafunua, angeshamtoa, angekuwa anamfuta kwa taulo na kumwomba radhi.

“Mwenyekiti,” akanong’ona kwenye kioo. “Mwenyekiti, kohoa basi.”

Kupiga kelele aliogopa, maana Babu alikuwa uani, kwenye benchi, hatua chache tu kutoka kwenye kadirisha ka bafu. Angemwambia nini? Babu, nimemfua?

Akili ikamjia, na ingekuwa heri isingekuja. Maji yakitoka, mlango utafunguka. Maji yanatokaje? Kwa kukamua. Akazungusha swichi mpaka mwisho.

Maji yalianza kutoka, kweli, yakitapakaa sakafuni. Halafu pipa la ndani likaanza kukimbia, na mashine nzima ikaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Chupa ya sabuni ikaanguka. Kioo cha kunyolea kikaanguka. Halafu ile mashine, ambayo wabeba mizigo wawili waliiingiza wakihema, ikainua mguu mmoja wa mbele. Ikaushusha. Ikainua wa pili.

Ilikuwa inatembea.

Injinia akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mashine ikajigeuza upande, ikauendea mlango wa bafu, ambao ulifungukia ndani, ikaubamiza ukajifunga *pwaa*, ikauegemea. Plagi iko ukumbini. Yeye yuko humu. Kisha ikaugeuzia mlango mgongo, ikaanza kumjia yeye, hatua moja, nyingine, na kile kioo chake cha mviringo mbele kama jicho.

Akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalikumbatia bomba la maji kama mtoto anayekataa kwenda shule. Hapo ndipo alipoanza kuahidi. Mwanzo alinong’ona, lakini kadiri mashine ilivyonguruma naye alizidi kupaza.

“Nikitoka hapa nitasoma karatasi zote! Hata za dawa ya mbu!”

Mashine ikasogea.

“Nitalala mimi kwenye tenga, kitanda nimwachie Mwenyekiti! Awe hai tu!”

Mashine ikaigonga ndoo.

“Shangazi ndiye aliyekuwa sahihi! Nitamwambia kwa mdomo wangu achukue ya mfuniko wa juu, na hii nitairudisha dukani mimi mwenyewe, kwa mgongo! Na mtu asiniite tena Injinia!”

Mara, kimya. Pipa likazunguka kwa uvivu, likasimama. Taa nyekundu ikazimika. Injinia alibaki amelikumbatia bomba, akisikiliza moyo wake ukipiga mlango kutoka ndani. Baada ya dakika ambazo yeye aliziita mwaka, *tak*, kitasa kikaachia.

Akashuka. Akatoa shuka la kwanza, la pili, taulo, suruali. Kitu cha kijivu kikaja mkononi, kizito, kimelowa, cha manyoya. Akafumba macho. Akakigeuza. Kilikuwa na vifungo.

Sweta la Shangazi. Ile ncha ilikuwa kola.

Akaingiza kichwa kizima ndani ya pipa, akapapasa pande zote. Hakuna paka. Akakaa chini kwenye maji, akacheka huku machozi yanamtoka.

Mlango wa mbele wa nyumba ukalia. Injinia akaruka, akaisukuma mashine mpaka pembeni, akafuta uso kwa taulo la kwanza aliloliona, akafungua mlango wa bafu na kuegemea fremu, mguu mmoja umekatiza mwingine. Shangazi alisimama pale na fundi wa duka, wanaangalia maji sakafuni.

“Nilikwambia nini?” Shangazi akauliza.

“Nimeijaribu kidogo tu, Shangazi. Imefua! Sema umeme umekatika.”

Fundi alikuwa ameshainama nyuma ya mashine. “Nani amezikaza hizi? Hizi ni bolti za safari. Zinalishika pipa lisiumie njiani, na hutolewa kabla ya kuwasha. Ukiwasha nazo mashine inatembea kama imelewa. Karatasi hii imeandika yote.”

“Haikutembea,” Injinia akasema haraka. “Mimi nilikuwa humu humu, nimetulia, naiangalia.”

“Umeme umekatika?” ikauliza sauti kutoka ukumbini.

Babu akaja polepole. Kwapani amembeba Mwenyekiti, mkavu, anapiga miayo. Mkono wa pili ameshika plagi ya ekstensheni, waya unaburuta nyuma yake.

“Umeme haukukatika,” Babu akasema. “Umeme ninao mimi hapa. Nilikuwa chini ya dirisha na huyu, tunasikiliza. Ahadi ya kwanza tuliisikia. Ya pili ilimfurahisha Mwenyekiti. Ya tatu ndiyo iliyoniinua benchini.”

Shangazi akamgeukia mpwa wake. “Ahadi gani ya tatu?”

Injinia akaangalia dari, akaangalia bomba, akakosa pa kuangalia.

“Aseme mwenyewe,” Babu akasema. “Na akiruka hata neno moja, nairudisha hii ukutani.”