Vitufe Vyenye Umbea

Mteja wangu, mama anayewahifadhi wanawake waliokimbia vipigo, alitaka tovuti yake iwe na vitufe vya kushea kurasa kwenye mitandao ya kijamii. Nikamwambia, "Mama, hivi vya bure vina umbea. Mtu akifungua ukurasa tu, hata asipobonyeza kitu, kampuni zenye vitufe zinajua, na matangazo yanaanza kumwandama."

"Vitoe haraka!"

Nikavitoa, nikaweka linki za kawaida, zinazokaa kimya mpaka mtu azibonyeze mwenyewe. Nikajiona fundi. Mjinga mkubwa mimi! Wiki nzima nilikuwa nimevijaribu vile vya umbea kwenye kompyuta ya nyumbani, kwenye ukurasa wa "Jinsi ya kuondoka salama."

Jioni mume wangu alinifungulia mlango, akaufunga tena, ufunguo akautia mfukoni. Kompyuta ilikuwa inawaka mezani.

"Mke wangu," akasema kwa ule upole wake ninaoujua, "mbona naletewa matangazo ya vyumba vya kupanga vya mwanamke anayeishi peke yake?"

"Ni kazi tu," nikajibu.

Na kweli ilikuwa kazi. Ila ukurasa wa kujaribia nilijichagulia mwenyewe.