Kuugua kwa Muda Mfupi

Usingizi unamchukua Naelijwa kwenye benchi la kliniki, mchana kweupe, hasira bado imemkaba. Daktari alimuuliza kama kwao kuna aliyewahi kuugua saratani ya mfuko wa uzazi, au ya utumbo, maana damu inayomtoka miezi yote hii huenda ina asili ya ukoo, na jibu ndilo litakaloamua apimwe nini. Kabla hajafumbua mdomo, shangazi Namkunda, dada wa baba yake aliyemsindikiza, akamtangulia: hakuna, daktari, wanawake wa kwa mama yake wanazeeka hadi wanachoka. Ni kweli. Upande wa baba hakuugusa, wakatolewa nje wasubiri kuitwa tena.

Basi Naelijwa anainuka kutafuta maji, anafungua mlango, na mlango unamtoa barabarani. Barabara inapinda, inajirudia, inapita mji ambao kila nyumba inatazamana na pacha wake na kila uwanja una turubai la msiba. Mtu asiye na uso yuko mbele. Wewe nani? Mimi ni yule anayepita bila kubisha hodi. Hilo si jibu, anasema Naelijwa, lakini anamfuata. Chini ya turubai amekaa shangazi Nakijwa, marehemu, anasikiliza wasifu wake ukisomwa: alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Ndivyo ukoo wao unavyosoma makaburini siku zote, aibu isitoke nje. Muda mfupi, shangazi? Miaka mitatu nilikufulia mashuka ya damu. Nyamaza mwanangu, watu wanasikia. Wasikie. Barabara inazunguka, turubai jingine, na chini yake baba yake, naye marehemu, mkono tumboni. Kwangu ilikuwa utumbo, anasema. Tulidhani ya wanawake ni ya wanawake, kumbe kilichomuua dada yangu nami nilikuwa nacho, nikakupa bila kujua. Sikulaumu kunipa, baba, nakulaumu kunificha. Analia anapomwambia hivyo, maana anampenda. Nini humpita baba, kikamngoja binti, anatega asiye na uso. Acha vitendawili vyako, ni damu yetu. Na hapo turubai la mwisho, picha iliyotundikwa ni yake, sauti inaanza: Naelijwa, binti Mbwambo, alifariki baada ya. Nakataa, anasema. Wapare tunasemwa kwa kupenda kesi, haya, hii nimeifungua mimi. Soma upya, na ugonjwa utajwe.

Jina lake linaitwa. Muuguzi amempa kisogo, milango ya korido inatazamana, na Naelijwa hajui kama hii ni kliniki au ni mji uleule. Shangazi Namkunda anamvuta khanga: mwanangu, usituvue nguo mbele za watu. Shangazi, nina binti mimi. Anaingia, anaketi bila kukaribishwa. Daktari, tuanze upya. Dada wa baba yangu, mfuko wa uzazi. Baba mwenyewe, utumbo mpana. Kisha nyuma yake kiti kinaburutwa, na shangazi Namkunda anasema polepole, na mimi, daktari, natokwa damu tangu mwaka jana. Naelijwa anajifinya mkono, kwa nguvu, na bado hana hakika.