Mkalimani Anaomba Kusema

Sentensi ya pili ilikataa kutoka. Kelsey, binti wa Kimarekani aliyekuwa akifundisha darasa la safari kwa wakimbizi wa Kongo wanaohamia Marekani, alisimama mbele ya ukumbi na karatasi iliyotetemeka mkononi. Watu arobaini na mmoja waliokaa kwenye viti vya plastiki hawakumtazama yeye. Walimtazama Monique. Ndivyo ilivyokuwa siku zote: Mzungu akizungumza, macho hubaki kwa mkalimani, kwa kuwa habari hutoka huko.

"Safari zote za ndege zimefutwa," Kelsey alisema hatimaye, kwa Kiingereza. "Mpaka itakapotangazwa vinginevyo."

Monique akaitafsiri kwa sauti ileile, kwa uzito uleule. "Safari zote za ndege zimefutwa. Mpaka itakapotangazwa vinginevyo."

Hakuna aliyelia. Mtu mmoja alicheka kidogo, kama aliyekosea kusikia. Ukutani nyuma ya Kelsey kulikuwa na picha ya nyumba ya mbao iliyofunikwa na theluji, na kando yake ratiba ya wiki ijayo: Jumatatu familia mbili, Jumatano familia nne, Ijumaa tatu. Katika orodha ya zile nne za Jumatano, iliyokuwa ndani ya faili la Kelsey, kulikuwa na mstari wenye jina moja tu. Lilikuwa la Monique mwenyewe, na ukumbini humo ni Kelsey peke yake aliyejua kwamba mkalimani naye alikuwa msafiri. Monique aliificha habari hiyo asije akaonekana anajipitishia foleni, ingawa alikuwa amengoja miaka kumi na mitatu, kama wengine.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa milima ya juu ya Bukavu, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza kidogo. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake Kampala ilikuwa hiyo: kukaa kati ya anayeuliza na anayeulizwa katika mahojiano ya wakimbizi. Sheria ya kazi aliishika kama sala. Mkalimani haongezi, hapunguzi, halainishi. Tena mkalimani hasemi "yeye anasema". Aliyehojiwa akisema, "Mimi niliona nyumba yangu ikiungua," mkalimani naye husema, "Mimi niliona nyumba yangu ikiungua." Kwa hiyo Monique alikuwa ameunguliwa nyumba mara nyingi kuliko mtu yeyote wa Kyebando, mtaa aliokuwa akiishi. Alikuwa amefiwa na waume asiowajua, akavuka mito asiyowahi kuiona. Jioni alirudi chumbani kwake, akasukutua koo kwa maji moto ya tangawizi, akapika. Ni watu wachache wanaoweza kubeba hivyo kwa miaka kumi na mmoja bila kuchukia wanaouliza wala kuwachoka wanaojibu. Yeye aliweza.

"Sababu ni nini?" Bisimwa aliuliza. Alikuwa muuguzi zamani, hospitali moja ya Kivu. Sasa alikuwa akitembeza vitenge begani kutoka Kasubi mpaka mjini. "Tumefanya kosa gani?"

Monique akalipeleka swali kwa Kiingereza. Kelsey alisoma tena karatasi yake. Iliandikwa kwamba ni amri mpya ya serikali, kwamba ni kwa manufaa ya taifa, kwamba watakaopokelewa baadaye ni wale tu watakaoweza kuzoea maisha ya Marekani.

"Kuzoea?" Bisimwa alisema. "Wiki tatu mnatufundisha kuwasha jiko lenu. Nimelikariri lile jiko."

Wachache wakacheka, na kicheko hicho kikawapa nguvu. Ndipo Josias, kijana wa safu ya nyuma, akainua simu yake. Alikuwa na video iliyokuwa ikizunguka tangu asubuhi: mwanasiasa mmoja wa huko Marekani, mwenye tai nyekundu, jukwaani, na umati ukishangilia.

"Madam Monique, huyu anasema nini juu yetu? Tunasikia tu neno Kongo."

Sauti ilijaa ukumbini. Kelsey aligeuka mwekundu mpaka masikioni. "Monique," alisema haraka, "hiyo si lazima uitafsiri. Tafadhali."

Monique aliisikiliza video mpaka mwisho. Angeweza kusema kwamba sauti haikusikika vizuri. Angeweza kusema, anazungumzia mambo ya kura tu, na isingekuwa uongo mtupu. Lakini aliwatazama watu wake. Kwa miaka walikuwa wamemkabidhi maneno mazito kuliko hayo bila kumwomba ayapunguze. Kuwapunguzia leo kungekuwa kuwaambia kwamba wao ni watoto.

Akasimama wima. Akasema, kwa sauti ya wazi:

"Mimi nasema watu hawa ni takataka zinazotupwa mlangoni kwetu. Wanaleta magonjwa. Wametoka kwenye magereza ya Kongo. Hakuna anayejua ni akina nani. Mimi sitawaruhusu waingie."

Lile "mimi" lilikuwa limetoka katika mdomo waliouamini kuliko yote, na likawachoma zaidi kwa sababu hiyo. Monique naye lilimchoma. Alihisi ladha yake ulimini, kama mtu aliyelamba chuma.

Bisimwa aliinuka taratibu. "Mama, na mimi nitafsirie. Mwambie huyu dada, kwa kuwa yule wa kwenye simu hanisikii." Akangoja Monique ageuke. "Nimepimwa kifua mara nne. Damu mara tatu. Nimehojiwa mara sita, na kila mara wameniuliza jina la bibi yangu mzaa baba. Wakisema hakuna anayejua mimi ni nani, basi yale majibu waliyaandika wapi? Na hiyo simu iliyomrekodi, ndani yake mna madini ya kwetu. Watu walipigwa risasi kwa ajili yake, mimi ndiye niliyewafunga majeraha. Yale madini yalipofika kwao, nani aliyahoji?"

Monique aliyasema yote kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, na hakuficha hasira wala hakuiongeza. Kelsey alisikiliza bila kuinamisha macho. Hilo Monique aliliona, akalihesabu kuwa jema.

Kisha Mama Olivia akainua mkono. Alikuwa bibi wa miaka sabini, hana mtoto aliyebaki, mdogo kwa mwili hata miguu yake ilining'inia kitini. Kila mtu alidhani atalaani.

"Na ule mutoto wa kizungu," alisema, "tangu asubuhi anatetemeka. Umuulize: na yeye banamufukuza?"

Kelsey aliposikia swali kwa lugha yake alifunika uso kwa karatasi. Alijibu akiwa humo humo nyuma ya karatasi, na Monique, kwa mazoea, alianza kutafsiri kabla hajamaliza kusikia.

"Ndiyo. Mimi pia nimeachishwa. Fedha za mradi zimesimamishwa jana. Ofisi hii itafungwa Ijumaa ijayo, na wafanyakazi wote..."

Hapo akasita. Alikuwa amefika katikati ya sentensi ndipo akajua kwamba na yeye yumo. Safari imekwenda, na kazi imekwenda, na zote mbili amezitangaza kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya watu.

"...na wafanyakazi wote hawatakuwa na kazi," akamaliza.

Mama Olivia alishuka kitini, akaenda mbele kwa hatua zake fupi, akaushika mkono wa Kelsey. Hakukuwa na la kutafsiri.

Monique alitazama mikono ile miwili. Kisha akafanya jambo ambalo sheria ya kazi inaliruhusu, lakini yeye hakuwahi kulifanya hata mara moja. Aliinua kiganja na kusema kwa lugha zote mbili: "Mkalimani anaomba kusema kwa niaba yake mwenyewe."

Kelsey aliitikia kwa kichwa.

"Mimi ni Monique Nabintu. Mimi nilikuwa niondoke Jumatano. Mwanangu Gradi yuko Iowa, Marekani, mwaka wa sita, anakata nyama kiwandani; ana mtoto wa kike ambaye sijamshika." Hilo "mimi" lilikuwa zito kuliko yote aliyowahi kubeba, hakulizoea. "Sitaki pole. Nataka kujua: nani amekwisha kurudisha chumba chake kwa mwenye nyumba? Anyanyue mkono."

Ilinyanyuliwa mikono saba.

Walikaa mpaka saa nane mchana. Bisimwa alichukua wawili. Mchungaji wa kanisa la Kyebando alipigiwa simu, akakubali kufungua chumba cha kwaya kwa familia nne. Kelsey aliandika majina kwa mkono wake, akaahidi kunakili mafaili ya kila mmoja kabla ya Ijumaa, ili siku mlango ukifunguliwa asiwepo wa kuambiwa aanze upya. Mama Olivia alibaki mwisho, na mfuko wake wa nailoni mapajani.

"Wewe utakaa kwangu," Monique alisema.

"Kwako kuna kitanda?"

"Kuna chumba."

Ndivyo ilivyokuwa. Walifika Kyebando, na chumba kilikuwa kitupu: Monique alikuwa amekwisha kuwagawia majirani kila kitu, akabaki na sufuria moja na begi la safari. Gradi alipiga simu, akasikia habari, akapandwa na hasira. "Mama, mimi nawakatia nyama wanayokula! Wananiona takataka?" Monique alimwacha aseme mpaka akachoka. Kisha akamwomba amsogezee mtoto simu. Akasikiliza kupumua kwa mjukuu wake muda mrefu.

Alipotoka nje, jirani yake Lamunu, mke wa polisi, Mwacholi aliyekulia katika kambi ya wakimbizi wa ndani huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, alikuwa akipanda kilima na godoro kichwani. Ndilo godoro ambalo Monique alimpa juzi.

"Hapana, Lamunu. Zawadi hairudi."

"Nani alisema zawadi? Mi nilikuwa naweka tu." Lamunu alikuwa akihema. "Kule kambi, mtu akisema naenda, sisi tunawekea yeye kitu. Saa ingine gari inakosa kuja. Shika hapo, wewe."

Monique akashika ncha moja. Mlango ulikuwa mwembamba. Godoro likakwama katikati. Ndani, Mama Olivia alikuwa akifagia sakafu tupu. Alisimamisha ufagio, akaja akashika upande wake, na wote watatu wakaanza kulikunja.

"Hesabu moja mbili tatu, sisi tunasukuma," Lamunu alisema.

"Kwa lugha gani?" Monique aliuliza.

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka juu ya mabati, tone moja, kisha jingine.